Daktari Aliuliza Kuhusu Chuma

Mimi ni mtu wa maneno, Kasulu nzima inalijua hilo. Nina duka la khanga na vitenge karibu na soko, na mteja aliyeingia kuuliza bei tu hutoka na doti mbili kwapani akijiuliza amerogwa na nani. Kwa hiyo nikisema mke wa mwanangu alikufa kwa sababu mimi, Zena binti Shamsi, nilinyamaza, wanaonijua hudhani natania. Laiti ningekuwa natania.

Mwanangu anaitwa Hashimu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo, na huko ndiko alikoishi na mkewe. Mwanamke mwenyewe sisi tulimjua kwa jina la Yasmini. Alikuja dukani kwangu mwaka 2009 kutafuta kazi, akasema ni Muha wa Munanila, wazazi wamekufa. Alikuwa mpole, mwepesi wa mikono, na hakuwa na tabia ya kuchungulia droo ya pesa. Hashimu alipita siku moja kunisalimia, akamkuta anakunja vitenge, na tangu siku hiyo salamu zake kwangu zikawa haziishi. Mwaka 2012 wakaoana. Siku ya harusi nilijisifu mpaka sauti ikakauka: mkwe wangu ni mtu wa Munanila, ana kwao, si wale waliotoka kambini.

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Wengi tulikuwa hivyo, ila mimi nilikuwa na mdomo zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka ule, nilisema afadhali. Mwaka uliofuata operesheni ya wahamiaji ilipoanza, watu wakawa wanapakiwa kwenye malori kurudishwa Burundi, wengine wameshazaa na kuzika hapahapa, nami nilisimama mlangoni kwangu nikasema waende kwao. Hashimu naye akija kunitembelea alisema vilevile, tena kwa ukali kunishinda. Chai haijapoa, ameshaanza: wakimbizi wamemaliza misitu, wakimbizi wameleta wizi. Yasmini alikaa pembeni akichambua mchele, haongezi wala hapunguzi.

Oktoba ya mwaka huo wa 2013 alijifungua Kibondo kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike. Alipopata ruhusa ya kutoka hospitali, na kwa kuwa hakuwa na mama wa kumlea uzazi, nikaagiza aletwe kwangu Kasulu amalizie arobaini. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Alikaa saa nne kwenye kiti cha mbele, miguu imekunjwa, mshono bado mbichi.

Kwetu mzazi hukandwa. Maji ya moto, kitambaa kizito, mafuta, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Nilifundishwa na mama yangu, aliyefundishwa na mama yake wa Ujiji, na mikono yangu inasifiwa. Tumbo sikuligusa kwa ajili ya mshono, lakini mgongo na miguu niliishughulikia hasa.

Siku ya pili mkono wangu ulipita nyuma ya nyonga yake ya kushoto, penye kovu la zamani. Chini ya kovu kulikuwa na kitu kigumu, kadiri ya punje ya hindi. Nikamuuliza hiki nini. Akasema aliwahi kuangukia kisiki. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekanda wanawake miaka thelathini. Kisiki hakibaki ndani ya mtu." Akaficha uso kwenye mto. Nilimwona mabega yanatikisika, kisha akaniambia.

Jina lake lilikuwa Ange. Alizaliwa Makamba, Burundi. Alikuwa na miaka minane bomu la mkono lilipotupwa uani kwao. Mama yake na kaka zake wawili walikufa palepale, na baba akambeba mgongoni mpaka wakavuka mpaka. Kipande cha chuma kikabaki mwilini. Daktari wa kambini alisema kiachwe, hakimsumbui. Baba alifia Mtabila. Yeye akatoka kambini bila kibali, akajiita mtu wa Munanila kwa kuwa pale ni karibu na mpaka na lugha hazipishani sana.

"Mama, Hashimu asijue," alisema. "Unamsikia anavyotusema. Ataniacha. Atanipeleka uhamiaji yeye mwenyewe."

Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Mguu wake ulikuwa mapajani mwangu, mtoto amelala kando yetu, na mimi ni nani wa kumfukuza mama wa mjukuu wangu? Nilijiona mtu mkubwa kupewa siri ile. Na nitasema ukweli wote: niliona haya pia. Nilifikiria sokoni, jinsi ambavyo wangenicheka wakijua mkwe wa Zena ametoka kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Nikamwambia alale, siri yake imekufa. Tangu siku ile tukiwa wawili nilimwita Ange, na nikampenda kuliko nilivyompenda Yasmini. Nilichelewa, lakini nilimpenda.

Siku ya nne mguu wa kushoto ukavimba. Ulivimba kutoka kifundoni mpaka juu ya paja, ukawa wa moto, ngozi imevutika inang'aa. Mimi nikasema ni maji ya uzazi, nikazidisha kukanda. Nilikandamiza kwa vidole gumba nyuma ya mguu ule mpaka Ange akauma ushungi wake asipige kelele. Siku mbili nzima nilifanya hivyo, nikidhani namsaidia. Leo hata kujipaka mafuta mikono hii naona karaha.

Hashimu alipokuja kutoka Kibondo na kuuona mguu, hakuniuliza kitu. Alimbeba mkewe mikononi mpaka kwenye gari, tukaenda hospitali.

Daktari aliitwa Bazilio, mtu mfupi asiye na haraka. Alimpima Ange kwa altrasaundi muda mrefu, akirudia palepale. Kisha akaniuliza mimi.

"Huu mguu umekandwa?"

"Ndiyo, daktari. Asubuhi na jioni."

"Usiguswe tena. Na yeye asisimame. Hata chooni asiende kwa miguu yake." Akavuta kiti akakaa. "Nadhani damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa. Bonge likikatika litapanda na damu mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Ila sijaliona. Mshipa wa paja uko wazi. Kama lipo, liko juu zaidi, ndani ya nyonga, nyuma ya mfuko wa uzazi, na huko kipimo changu hakifiki."

Hashimu akamwuliza kwa nini asimpe dawa tu.

"Dawa ya kuzuia damu isigande ninayo," daktari akasema. "Lakini imeandikwa kwenye cheti chake kwamba mshono wake ulivuja Kibondo, na nimeona damu imejikusanya ndani. Nikimpa dawa hiyo na kumbe mguu umevimba kwa sababu nyingine, anaweza kuvuja mpaka aishe. Nataka uhakika. Mwanza kuna mashine ya MRI. Ni sumaku kubwa. Mtu analazwa ndani yake kama ndani ya bomba, haichomi wala haipasui, na inaonyesha damu inavyopita kwenye mishipa ya ndani kabisa. Mshipa ulioziba utaonekana."

Akachukua karatasi na kalamu.

"Swali moja. Ana chuma chochote mwilini? Kipande cha bati, sindano iliyokatikia ndani, risasi, chochote? Sumaku ile huvuta chuma. Kama kipo, hakuna haja ya safari. Nitamlaza hapa, nianze dawa leo hii, nimwangalie saa kwa saa, na tumwombe Mungu mshono ushike."

Ange alinitazama. Hashimu alikuwa amesimama katikati yetu, ameshika viatu vya mkewe.

Ningeweza kusema, Hashimu, hebu katuletee maji ya kunywa. Maneno sita tu, kisha ningemwambia daktari. Kumtoa mtu chumbani kwa hila ni kazi niliyozaliwa nayo. Nimewahi kumtoa afisa wa kodi dukani kwangu akashukuru. Badala yake nilicheka.

"Risasi, daktari? Huyu mtu wa Munanila. Risasi ataitoa wapi?"

"Hana," Hashimu akasema upesi.

"Sina," akasema Ange.

Daktari Bazilio akaandika kwamba hana.

Nilijipa sababu nzuri baadaye. Nilijiambia kwamba barua ya rufaa ingefunguliwa na kusomwa kwenye kila kizuizi cha barabarani, na neno moja tu la vita lingemshusha Ange garini. Nilijiambia kitu kidogo namna ile kitavutwa na sumaku gani. Wakati nacheka pale mbele ya daktari sikuwa nimefikiria kizuizi hata kimoja. Nilikuwa namfikiria Hashimu, na nilikuwa najifikiria mimi.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la Isihaka, jirani yetu, Noah aliyoitoa viti vya nyuma akatandika godoro. Ange alilala chali, mguu umewekwa juu ya mito miwili. Tulipofika Kibondo tulimwacha mtoto kwa mdogo wangu Shadia. Ange alimnyonyesha akiwa amelala vilevile, akambusu utosini, akasema watarudi kabla ya Ijumaa. Alisema "tutarudi" mara tatu, kila mara akimtazama Shadia kama anayesubiri akubaliwe.

Mbele ya Kakonko kulikuwa na kizuizi. Afisa wa uhamiaji akafungua barua, akaisoma yote midomo ikichezacheza. Akamuuliza Ange Munanila ni sehemu gani, na shule gani, na mwalimu mkuu nani. Ange alijibu bila kukwama, jasho likimtiririka, na afisa akadhani ni jasho la ugonjwa. Akatupa pole, akainua ubao tukapita. Nilimbana Ange mkono kwa furaha. Wallahi nilijiona mshindi siku ile. Hashimu alikuwa kiti cha mbele, ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Asubuhi ya pili tulikuwa Mwanza, kwenye jengo lenye mashine. Walimweka Ange kwenye kitanda cha magurudumu, na mtaalamu wa picha, dada mmoja aliyeitwa Winifrida, akaja na fomu. Akauliza swali lilelile la chuma, tena kwa kirefu zaidi. Ange akasema hana. Mimi nilikuwa kando yake. Hashimu alikuwa kaunta, hatua ishirini kutoka pale, amegeuza mgongo. Nafasi nyingine hiyo, na hakukuwa na afisa yeyote, wala soko la Kasulu. Nikamfunga Ange kamba za gauni la hospitali.

Ni wakati wa kumfunga zile kamba ndipo Winifrida alipoliona kovu. Akalibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu.

"Hapa paliingia nini?"

"Kisiki," Ange akasema.

Winifrida hakubishana naye. Alisema kabla ya sumaku atapiga eksirei ya kawaida ya nyonga, ni dakika tano tu. Akampeleka, akamrudisha kwenye korido, na baada ya muda mfupi akatoka ameshika picha. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kivuli cha mfupa kulikuwa na doa jeupe, lenye ncha tatu.

"Hiki ni chuma," alisema. "Siwezi kumwingiza. Hiki kinaweza kusogea au kupata moto, na kiko karibu na mishipa. Nimempigia daktari anashuka. Wataamua kuhusu dawa bila picha."

Hashimu aliitazama ile picha. Kisha akaanza kupiga kelele.

"Hiyo si ya mke wangu! Mmechanganya picha! Mke wangu ni mtu wa Munanila, hajaona vita huyu, hajaona bomu, atakuwaje na chuma?"

"Kaka, jina lake liko hapa kwenye kona."

"Majina yanaandikwa na watu! Rudieni! Sisi si watu wa vita!"

Korido nzima iligeuka. Hashimu alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango, mikono imetanda, na yule dada hakuweza kupita. Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, na kimoja kimepasuka.

"Mama," Ange akaniita. Hakuwa na sauti kubwa. "Mama, mwambie."

Nikafungua kinywa. Mimi, mtu wa maneno. Hashimu akanigeukia, macho mekundu, na nikamsikia mtu anasema, "Basi labda warudie." Mtu huyo alikuwa mimi.

Ange alinitazama kidogo tu. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Kisha akajiinua kwenye kitanda, akateremsha mguu mzima, akauteremsha ule uliovimba, akasimama. Winifrida alipaza sauti kwamba asisimame. Ange alipiga hatua mbili, akamshika Hashimu shati.

"Nyamaza, mume wangu. Picha ni yangu. Mimi ni wa—"

Akakohoa. Akaweka mkono kifuani, na usoni akawa kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akamwangukia Hashimu. Daktari alifika akikimbia, wakamlaza palepale kwenye vigae, wakamkandamiza kifua kwa muda uliotosha mimi kusoma Yasini yote niliyoihifadhi na kuanza tena. Hakurudi.

Winifrida alinifuata baadaye, nimekaa chini ukutani. Alikuwa amelia. "Sisi tunauliza chuma tu, mama," alisema. "Hatuulizi kilitoka wapi." Hakusema kwa kunilaumu, alisema kwa kushangaa.

Tulimzika Kibondo, kwenye makaburi ya Waislamu, kwa jina la Yasmini. Niliwasikia watu wakisema ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia. Hashimu alipokea mikono ya watu siku tatu bila kukaa. Siku ya nne, wafiwa wa mbali walipokwisha ondoka, alinikuta chumbani kwa Shadia nimempakata mtoto. Akafunga mlango, akakaa juu ya mkeka mbele yangu.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nilimwambia yote. Nilimwambia la Makamba, la bomu, la baba aliyembeba, la mikono yangu iliyokuta chuma, na jinsi nilivyocheka mbele ya Daktari Bazilio. Nilimwambia jina la Ange. Nilisema, "Aliniomba nikufiche wewe. Alisema ukijua ametoka kambini utamwacha. Alikuogopa, mwanangu, kwa yale uliyokuwa ukiwasema. Nami nikaogopa pamoja naye."

Nilidhani Hashimu atanipiga, na ningemshukuru.

"Nilimwona Mtabila," alisema. "Mwaka 2008, nilipokuwa napeleka sabuni kwenye soko la kambi. Alikuwa kwenye foleni, amevaa sweta la kijani. Nilipomkuta dukani kwako anasema ni wa Munanila, nilimtambua siku hiyohiyo. Nilimwoa nikijua."

"Sasa yale matusi yote—"

"Yalikuwa mbele ya nani, mama? Kibondo uliwahi kusikia nimesema? Nilisema nikiwa nyumbani kwako, ili usije ukamtilia shaka. Nilidhani yeye anaelewa. Nilidhani anacheka moyoni." Akamfunika mtoto miguu. "Chuma sikukijua. Aliniambia kisiki, nikaamini. Lakini nilipoiona ile picha nilielewa palepale. Nikapiga kelele ili wewe usielewe. Siku zote hizo nilikuwa namficha kwako."

Mtoto aliamka akaanza kulia. Shadia aligonga, akaingia na chupa ya maziwa. Hashimu alisimama, akaipokea chupa, akamtoa mtoto mikononi mwangu bila kunitazama, akatoka naye nje.